Shingo ni ya Siku ya Posho

Wadogo zangu munaoanza kazi ya kukanda, kaeni kidogo niwaambie mambo. Na musinicheke. Najua retraite, kustaafu kazi, ni ya wazee wenye fimbo, na miye niko na miaka makumi tatu na ine tu, meno yangu yote iko mu kinywa, na bado naruka kamba na watoto wa dada yangu. Lakini vidole gumba vyangu vimekataa. Miaka kumi na tatu vilisukuma migongo ya watu wa Bukavu, wa Ibanda na wa Kadutu, halafu vikasema inatosha. Sasa hata kufungua chupa ya maji naita jirani. Kwa hiyo niko retraitée, na retraitée iko na ruhusa ya kusema mingi.

Mutu akiniuliza kazi yetu ni nini, simuelezei na vitabu, maana vitabu sikusoma vingi. Niliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Namuelezea shingo ya mwanamuke mumoja, Maman Ntakwinja, mubebaji wa mizigo wa Kadutu. Ile shingo ilikuwa inalisha watoto wane. Na miye niliiharibu na mikono yangu hii, kwa saa moja, nikiwa nacheka na kujisifu. Nitafika pale. Lakini kwanza mujue mutu anaingiaje mu kazi hii, maana sijasikia mutoto hapa kwetu akisema darasani kwamba akikua atakanda watu.

Miye nilitaka kuwa munganga. Nilikuwa naota blouse nyeupe yenye mifuko miwili, na kalamu mu mufuko. Masomo ilipokatika niliomba kazi kwenye kituo kidogo cha afya kule Ibanda, karibu na ziwa, nikapewa kufua mashuka na mataulo. Ndani ya kile kituo kulikuwa chumba cha kine, kile cha kunyoosha viungo na misuli, na ndani ya chumba alikuwa Papa Dieudonné, muzee mufupi mwenye mikono mikubwa kama ameazima kwa mutu mwengine. Alikuwa anatengeneza watu waliovunjika, waliopooza, na wale ambao maisha tu imewakaza. Nilikuwa nasimama kwenye mulango na ndoo yangu, namuona mutu anaingia amejikunja kama nguo iliyokamuliwa, kisha anatoka anaangalia mbele. Nikajiambia: hapa hakuna sindano, hakuna damu, kuko mikono tu. Na mikono niko nayo.

Lakini nikitafuta sana, ilianza kabla ya pale. Koko wangu, mama wa mama yangu, alikuwa analima kule Luvungi. Tukienda kumutembelea, akirudi kutoka shamba analala kifudifudi kwenye mukeka na kuniambia nipande juu ya mugongo wake. Nilikuwa mudogo, mwepesi. Natembea pole toka kiuno mupaka mabega, yeye anaguna, na chini ya nyayo zangu nasikia vitu vinakaa pahali pake. Kisha anaamuka na kupika sombe, majani ya muhogo, akiwa anaimba. Mutoto akiona hivyo anaamini iko na nguvu fulani. Miye niliamini, na mupaka leo sijaacha kuamini kabisa.

Wengine niliofanya nao waliingia na mulango ingine. Mumoja baba yake alipooza upande, akachoka kuona watu wanamugeuza kama gunia. Mwengine alikuwa anatafuta kazi yoyote, na hii njo ilikuwa na nafasi. Musizarau wa namna ile. Alikuja kuwa muzuri kunishinda, maana hakuwa na ndoto za kumuzuia kuona.

Papa Dieudonné hakunipokea mara moja. Alitandika kikwembe juu ya meza, akaweka kitu chini yake, akaniambia nifunge macho na niguse. Ni nini? Haragi. Siku ingine, punje ya muhindi. Siku ingine, kajiwe. Kila juma alikuwa anakunja kikwembe mara moja zaidi, na miye napapasa kama mutu anatafuta shilingi mu giza. Siku moja hakuweka kitu. Nilipapasa, nikatoka jasho, nikasema haragi. Alicheka mupaka akashika tumbo, halafu akaacha kucheka. Aliniambia siku nitakuwa na nguvu ya kusema sisikii kitu, siku hiyo atanipa mutu wa kugusa. Ilinichukua majuma tatu ingine. Munaona vile kiburi kiko kigumu kuliko kajiwe.

Njo nawaambia: kateni makucha mufupi, mutoe pete, mupashe mikono moto mbele ya kugusa mutu, maana mukono wa baridi unamufundisha mugonjwa kujikaza. Nguvu itoke mu miguu na mu kiuno, siyo mu kidole gumba, muniangalie miye. Mukikuta muguu mumoja umevimba, uko moto na unauma nyuma, musiuguse kabisa, mumutume hospitali siku ile ile, hata akikuita mwoga. Na mafuta ya kuwasha, ile ya ndani ya kikopo kidogo, muitumie na akili.

Miye ile akili nilikuwa sina. Mwaka wangu wa kwanza, mwalimu wa koro ya kuimba ya parokia yetu alikuja siku ya Mungu asubuhi, kabla ya misa, bega limekaza. Nilimupaka ile mafuta kama ninapaka mukate siagi. Sikumuambia kwamba ikikutana na jasho inaamuka. Misa ikaanza, jua likaingia kwenye dirisha, na mwalimu akaanza kuimbisha mbio, mbio, mikono inaruka. Koro ikamufuata. Utukufu ulimalizika mbele padri hajageuza ukurasa. Watu walisema Roho ameshuka. Mwalimu alinipita kwenye mulango wa kanisa, macho yake ilikuwa inatoa machozi, na haikuwa ya Roho.

Kitu kingine mujitayarishe nacho ni jina. Ukisema masaji, wanaume wengine wanacheka na upande mumoja wa kinywa. Mama yangu miaka miwili aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi kwa wanganga wa hospitali, akanyamazia ingine. Papa Dieudonné alikuwa na sheria: pazia ifungwe, mulango ubaki wazi, na mutu aambiwe kila kitu mbele ya kuguswa. Siku moja bwana mumoja, mufupi wa adabu, aliniuliza kama hakuna masaji ya pekee. Nilimuambia iko, na nikamuitia Papa Dieudonné na viwiko vyake. Alitoka pale amenyooka kama mulingoti.

Na mutakutana na watu ambao hawakuja juu ya kile wanachosema. Kulikuwa mujane, Maman Régine, mwalimu wa shule ya msingi. Bega, bega, kila juma bega. Nilipapasa lile bega mbele na nyuma, na nilikuwa nimeshajifunza kusema, nikamuambia sisikii kitu hapa, maman. Uso wake ulikuwa chini kwenye tundu ya meza. Kisha akasema, na sauti ya kawaida kabisa, kwamba tangu matanga ya bwana yake iishe hakuna mutu aliyemuwekea mukono. Watoto wako mbali, na watu wanamusalimia toka ngambo ya njia. Nilimukanda lile bega miezi saba. Sikumuuliza tena kama linauma.

Sasa tufike kwa Maman Ntakwinja.

Mwaka wangu wa tatu Papa Dieudonné aliniruhusu kufanya peke yangu mara mbili kwa juma. Nilikodi chumba kidogo Kadutu, chini ya soko, pale ngazi za udongo zinapandana. Nilikuwa nimechangamuka. Niliota nyumba ya kukanda yenye dirisha kubwa, maua, na muziki wa pole. Kwa wakati ule nilikuwa na meza iliyotengenezwa na seremala wa milango, na ilikuwa inalia kama mulango.

Ninyi mumekulia hapa, munawajua wale mamans. Wanashuka ku port asubuhi, pale mitumbwi na mashua zinaleta makala, mihogo, ndizi, na wanapandisha gunia mupaka soko. Gunia iko kwenye mugongo, na kamba pana inalizunguka na kupita juu ya kichwa, pale nywele zinaanzia. Kichwa njo kinavuta, shingo njo inashika. Mikono inabaki huru, na ninaona wengine wanasuka huku wanapanda. Maman Ntakwinja alikuwa na miaka karibu makumi ine. Pale kamba inakaa, nywele hazikuwa zinaota tena. Kulikuwa njia laini, inang'aa, kama ile ya ngombe kwenye nyasi.

Alikuja katikati ya juma, na wenzake wawili waliobaki kwenye mulango kumungoja. Alisema yeye si mugonjwa, kichwa tu njo kinamupiga siku tatu. Niliweka vidole kwenye shingo yake na nikashituka.

"Maman, shingo yako iko sawa muti."

"Ni muti yangu," akasema. "Weye tosha maumivu ya kichwa. Hiyo uiache vile unaikuta."

Munasikia? Aliniambia. Aliniambia na kinywa chake, mu Kiswahili, polepole. Miye nilicheka kama mutu anamusikia mutoto. Nilikuwa nimejifunza kwamba kitu kigumu kinalegezwa, na sikuwa nimekutana na kitu kigumu kama kile. Ilikuwa kama wamenipa mutihani wa mwisho. Nilipasha mataulo mu maji ya moto. Nilimukanda nyuma, pembeni, chini ya fuvu, mbele ya bega. Niliacha kichwa na nikashughulika na shingo, saa nzima. Mara ya kwanza alikuwa anasema sema, kisha akalala na kukoroma. Shingo ikawa laini kama bugali iko moto.

Alipoamuka alikaa pembeni ya meza na kugeuza kichwa kushoto, pole, akashangaa. Akageuza kulia. Akaangalia bega lake mwenyewe, karibu ya nyuma.

"Kumbe hii blouse ilishapasuka huku," akasema. "Na hamukuniambia."

Wenzake kwenye mulango walicheka. Mumoja alisema Ntakwinja amekuwa muke ya minister, kesho ataomba gari la kubeba makala. Kichwa hakikuuma tena. Waliondoka wakiwa wananiita Munganga wa Vidole, na miye niliimba nikifunga mulango.

Kesho yake saa ine asubuhi, yule yule aliyechekesha juu ya minister alifika kwenye kituo cha Ibanda na miguu, bila viatu, jasho inatiririka. Hakunisalimia. Aliniambia tu Ntakwinja ameanguka kwenye ngazi.

Nilikimbia naye. Tulimukuta kwake, amekaa kwenye mukeka, mugongo kwenye ukuta, wamemuzungushia kikwembe kilichokunjwa kwenye shingo. Goti lilikuwa limechubuka na shavu moja limevimba. Watoto wake wane walikuwa wamesimama mu musitari, wakubwa mupaka wadogo, wananiangalia. Alikuwa hawezi kugeuka, kwa hiyo nilikaa chini mbele yake ili anione.

"Nilibeba," akasema. "Nikafika pale kwenye kona, gunia ikavuta. Nikatafuta shingo yangu, sikuikuta."

Hakunitukana. Wadogo zangu, ningependa angenitukana.

Papa Dieudonné alikuja na moto, pikipiki ya motari, yeye ambaye alikuwa anaogopa pikipiki. Alimuangalia vidole, akamuuliza kama vinawasha, kama miguu iko na nguvu, na akamutuma hospitali apigwe picha. Mifupa ilikuwa mizima. Lakini nyama zinazoshika mifupa zilikuwa zimevutika. Walimuambia majuma sita bila kubeba, na kisha tuone. Lile neno *tuone* njo lilimukaa. Aliuliza mara mbili wanaona nini. Yeye hakuwa na kazi ingine, hakuwa na shamba, bwana yake alikuwa ameenda zamani. Mutu wa kamba asipobeba, yuko nani?

Kurudi Ibanda, nilimuambia Papa Dieudonné kwamba naacha kazi. Nilirudisha hata ufunguo wa kabati ya mataulo. Niliuweka juu ya meza, hakuushika.

"Ulimuuliza wapi inauma?" akasema.

"Ndiyo, papa."

"Hiyo hata motari anauliza. Kesho anafanya nini, ulimuuliza?"

Alinielezea, bila kupandisha sauti, kwamba ugumu mwengine ni ugonjwa na mwengine ni chombo cha kazi. Seremala iko na ngozi ngumu mu kiganja. Ukimulainishia unamupa malengelenge. Ile shingo ilikuwa imejijenga miaka ishirini ili isimuue. Miye nimebomoa ukuta juu ya kuona kwamba uko mugumu. Halafu akaniambia nisilie pale, mataulo iko imelowa ya kutosha. Kesho asubuhi nishuke ku port, nibebe.

Nilifikiri anachekesha. Hakuwa anachekesha.

Maman Ntakwinja mwenyewe alinikopesha kamba yake. Wenzake walinipa nusu ya gunia ya mihogo, na hata ile nusu waliipunguza. Nilipoinama wakanipandishia na kunikalisha kamba kwenye kichwa, nilisikia kama mutu amenivuta nywele toka nyuma na hataki kuachilia. Nilienda hatua kumi. Nikainua uso kutafuta hewa, na gunia ikanirudisha nyuma nikakaa juu yake. Ile port yote ilicheka, hata wenye kuuza samaki ya sambaza.

"Munganga, usiangalie mbingu," mumoja aliniambia akinipita na gunia nzima. "Angalia visigino vya mwenye iko mbele. Mbingu utaiangalia siku ya Mungu."

Nilifika soko muchana, na mapumuziko nane. Nililala siku mbili. Lakini sasa nilikuwa najua na mwili, siyo na vidole tu. Shingo haifanyi peke yake. Inashika kile ambacho kiuno na visigino vinasukuma. Pumzi inabanwa juu, kwenye kifua, na njo inaleta kile kichwa kinachopiga. Kumbe kwa kichwa cha Maman Ntakwinja ningemukanda kifua, mbavu, na nyayo, na shingo ningeiachia kazi yake. Alikuwa ameniambia hivyo kwa maneno machache kuliko haya.

Majuma sita nilienda kwake kila jioni, nikitoka kazi. Mwanzoni mutoto wake wa kwanza alikuwa ananifungulia mulango bila kusema karibu. Sikumulaumu. Ni nani alikuwa anawalisha? Wale wenzake. Kwao kuko desturi: mumoja akianguka, kila siku mumoja mu zamu anabeba safari moja kwa jina lake, na kile anachopata mu ile safari kinapelekwa kwa ile nyumba. Wanaita *gunia ya kukaa*. Hakuna kitabu, hakuna mukubwa wa kusimamia. Lakini zamu ile inachosha, na kila mumoja alikuwa na shingo yake na watoto wake. Juma la ine nilianza kusikia wanahema zaidi wakipita kwenye mulango. Maman Ntakwinja naye alikuwa anasikia. Alikuwa anajua kila mumoja na hatua zake, na wakipita ananyamaza mupaka hatua ziishe.

Kwanza hakuniruhusu nimuguse. Nilikuwa namuonyesha tu vile Papa Dieudonné alinifundisha: kusukuma paji la uso mu kiganja bila kichwa kusogea, kuhesabu pumzi tano, kuachilia. Kisha pembeni. Juma la tatu alilaza nyayo zake juu ya magoti yangu, na nikaanza kumukanda pale. Juma la ine tulishona kafuko ka muchanga, tukakafunga kwenye kamba, akavaa akiwa amekaa, kama mutoto anajifunza kofia. Kila siku mbili tunaongeza kopo moja ya muchanga. Alikuwa anachukia kale kafuko. Alisema amebeba makala ya nusu ya Kadutu na sasa anabeba ya kuchezea.

Jioni moja, nikimukanda nyayo, nilimuuliza. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima kwa kuuliza kile kitu kidogo.

"Maman, shingo inaweza kulegea siku gani?"

Alifikiri sana. Hakuna mutu aliyeshamuuliza hivyo.

"Siku ya posho, jioni, nikishashusha ya mwisho," akasema. "Siku ya Mungu sibebi. Nilale nayo hivyo, niende nayo misa. Siku ya kwanza asubuhi inakuwa imerudi yenyewe."

Pale njo nilipata mafundisho yote niliyo nayo. Sikuipata kwa kine, niliipata kwa mutu aliyelala. Tangu siku hiyo, miaka yote iliyofuata, sikugusa shingo ya mutu wa kamba mu siku za kazi. Katikati ya juma nilikuwa nakanda nyayo, nyonga, kifua. Jumamosi, siku ya posho, kuanzia saa tisa, mulango wangu ulikuwa na musitari wa wamama, kila mumoja amebeba kamba yake imekunjwa mu mukono, na wananiambia: leo shingo. Kesho yake mu kanisa unawajua kwa nyuma. Wanageuza vichwa kila upande, wanaangaliana, wanaangalia nani ameingia na kikwembe kipya. Padri alifikiri hawasikilizi mahubiri. Waache, wana siku moja tu ya kuangalia pembeni.

Njo mana nawaambia, kabla ya mafuta, kabla ya taulo, muulizeni mutu kesho yake. Yule wa banki anayekaa kiti kimoja toka asubuhi, kesho yake ni kiti, mumulegeze mupaka aanguke usingizi na mumufundishe kusimama kila saa. Yule wa koro, muulizeni kama kesho kuko misa. Sisi hatukandi nyama, tunakanda siku inayokuja. Nikisema hivi mbele ya Papa Dieudonné alikuwa anasema nimeanza kuhubiri, niende nifue mataulo.

Siku ya kujaribu ilifika mwisho wa juma la sita. Papa Dieudonné alikuwa amemuangalia na kusema anaweza kuanza, robo ya gunia, siyo zaidi. Asubuhi ile ku port kulikuwa ukungu juu ya ziwa, na wale wamama walikuwa wamesimama wakijifanya wako na kazi zao. Aliyekuwa na zamu ya gunia ya kukaa alikuwa tayari na kamba, anangoja aambiwe. Maman Ntakwinja alitaka nusu. Tulibishana. Alipata nusu, na mihogo miwili mikubwa niliitoa akiwa ameangalia pembeni, akaniona, akarudisha mumoja.

Alikalisha kamba kwenye kichwa, akainama, akaamuka. Nilimufuata nyuma. Kutoka port mupaka kwenye kona ya ngazi ni mbali, na sikuangalia kitu kingine ila ule musitari chini ya masikio yake, pale nyama inaonekana ikishika. Watu walikuwa wanatupita, motari wanapiga honi, na miye nahesabu pumzi zake kama ni zangu.

Kwenye kona alisimama. Ni pale ngazi inageuka na inapanda zaidi, na udongo unateleza hata bila mvua. Gunia ilisogea kidogo upande wa kushoto. Miye nilinyosha mukono, sikumugusa, niliuweka tu pale hewani nyuma ya gunia.

"Mukono yako inanilemea," akasema. Kwa kamba mutu hawezi kugeuka. Alikuwa anasema na udongo.

"Sijakugusa, maman."

"Najua. Itoshe tu."

Niliutoa. Alivuta pumzi, chini, mu tumbo, vile tulifanya jioni zile zote. Niliona shingo yake inakaza, pande mbili, pole, kama mutu anayekaa vizuri kwenye kiti. Akaweka muguu. Akaweka mwengine. Kisha kona ikawa nyuma yetu, na hakupumuzika tena mupaka soko.

Juu kule alishusha, akajipanguza uso na pembe ya kikwembe. Nilitaka kumuuliza mambo mia, nikajizuia. Yule wa zamu alifika nyuma yetu na gunia yake mwenyewe, akaishusha, akafungua kamba ili arudi kubeba ya Ntakwinja, kama desturi.

"Leo ya nyumba yako nabeba saa hii, ao nile kwanza?" akauliza.

Maman Ntakwinja alikuwa anakunja kamba yake, pole, mara mbili, mara tatu.

"Kula," akamuambia. "Kisha ubebe ya watoto wako."

Akageuka, akashuka kutafuta muzigo wa pili. Hakunitafuta na macho. Nilibaki pale juu katikati ya soko, na mikono yangu ilikuwa haina kazi yoyote, na sijawahi kuifurahia vile.